Madam Jovina na Ukuta wa Mishipi

Madam Jovina Rwegasira amefundisha katika kituo chetu cha chuo hapa Kilindoni, Mafia, kwa miaka kumi na tisa, na tarehe 30 Juni mwaka huu anastaafu. Waliotaka kuandika wasifu huu walikuwa wengi, tena na digrii zao. Nimepewa mimi Ukasha, mtunza chumba cha kompyuta, niliyeishia kidato cha pili. Msione wivu. Someni mtajua kwa nini.

Alitoka Muleba, huko bara, na masanduku mawili ya vitabu na woga wa boti usiomtoka hadi leo. Kuvuka kwenda kisiwa jirani cha Juani tu, anashika mbao kwa mikono miwili kana kwamba yeye ndiye anayeizuia boti isizame. Somo lake lilikuwa na jina refu kuliko foleni ya wanafunzi wake wanne: Historia na Mustakabali wa Maandishi Yenye Viungo. Kwa msiosoma, nawasamehe: kiungo ni lile neno unalobofya kwenye simu likakupeleka ukurasa mwingine. Sisi tunabofya tu. Yeye alitaka kujua nani aliliwaza jambo hilo kwanza, kwa nini likawa hivi lisiwe vile, na kesho litakuwaje.

Tatizo, mtandao wenyewe ulikuja kama mgeni wa heshima, si kila wiki. Basi akanunua mishipi ya kuvulia sokoni na kubandika kadi ukutani. Kila mwanafunzi aliandika kadi ya jambo la Mafia analolijua, kisha akafunga mshipi kutoka neno mojawapo hadi kadi ya mwenzake. Maji yaliyopelekwa kisiwa cha Jibondo kwa chombo yakaungana na mafundi wa vyombo, mafundi wakaungana na misumari, misumari na duka la Mzee Mbaraka, na duka likakurudisha kwenye maji. Mtu aliingia kuuliza saa, akatoka adhuhuri. Wanafunzi wakampachika jina Madam Mishipi. Akalipenda, akaliandikia kadi.

Sheria yake ilikuwa moja, na hailegei. Ukifunga mshipi kwenye kadi ya mwenzako, igeuze, andika nyuma yake umetoka kadi namba ngapi. Alitueleza kwamba wapo waasisi wa fani hii walioota viungo vya pande mbili, kila ukurasa ujue nani anauelekea. Dunia ikachagua njia rahisi ya upande mmoja, ndiyo maana unabofya unakuta ukurasa haupo, wala hakuna wa kukupa pole. Sisi tuliona anatuchosha mikono bure.

Januari hii, chuo kikiwa kimeshaandika barua kwamba somo litafutwa akiondoka kwa kuwa hakuna mwingine anayelijua, niliambiwa nipake chumba chokaa. Kadi nilizibandua kwa adabu, mia sita na kumi na mbili, nikazitia kwenye boksi. Mishipi je? Mimi mtoto wa wavuvi. Mshipi mzima kukaa ukutani bila ndoana niliona ni kukufuru. Nikaikusanya yote, nikampelekea mjomba wangu Shamte kule Jibondo.

Madam alifungua mlango akakuta ukuta mweupe pee.

“Ukasha mwanangu, mishipi yangu iko wapi?”

“Iko Jibondo, Madam. Inavua kolekole.”

Hakunifukuza. Alikaa kitini, akalitazama lile boksi lenye miaka yake kumi na tisa. Kisha akatamka neno moja: “Geuzeni.”

Warda wa Juani, mwanafunzi wake wa zamani na sasa msaidizi wa maktaba, akageuza kadi ya kwanza na kusoma mgongoni: imefikiwa kutoka namba arobaini, namba mia na tatu. Mjomba akarudisha mishipi, mingine na magamba yake. Siku tatu tulifuata migongo ya kadi, na hakikupotea kiungo hata kimoja. Madam hakugusa kitu. Nilidhani amesusa. Kumbe, alimwambia Warda baadaye, alitaka kuona kama ukuta utasimama bila yeye.

Umesimama. Mkuu wa kituo alikuja, akafuata mshipi mmoja, akachelewa kikao. Barua ikafutwa. Kuanzia Julai somo ni la Warda, na mlinzi wa mishipi ni miye. Nani tena?

Katika kipindi cha mwisho tulimuuliza Madam: sasa mashine zinajibu moja kwa moja, nani atahangaika na viungo? Akasema jibu lisilotaja lilikotoka ni kama posa isiyotaja ukoo. Usifukuze mtu, ila uliza kwao wapi.

Kadi yake mwenyewe ni namba moja. Mbele ameandika: “Nimefika salama.” Juzi tuliigeuza. Imejaa namba za kadi zinazoielekea hadi pembeni, ikabidi tugundishe karatasi nyingine.

Madam, ahsante kwa kutufundisha kuuliza. Mshipi wa kadi yako nimeupitisha dirishani kuelekea Muleba. Ukifika, kwa sheria yako mwenyewe, tuandikie umetoka kadi gani. Tunakuombea uzee wa raha na bahari shwari siku ya kuvuka. Na mbao, safari hii, shika kwa mkono mmoja. Wa pili tupungie.