Gome la Shangazi na Sindano ya Daktari

Mungu amenisimamisha mbele yenu nikiwa mzima, mama zangu na dada zangu wa Ntoto, basi nivumilieni kidogo.

Uvimbe ulianza kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya maharagi. Shangazi yangu, aliyenilea, akaingia porini, akachuna gome, akalichemsha. Nanyi mnajua mwiko wa gome lile: anayelinywa haguswi na sindano. Nikanywa, uvimbe ukaendelea kukua. Hospitali ya mjini ikapima, ikasema ni kansa. Nilihitaji upasuaji na dawa za kupitishwa mshipani. Kumvunjia Shangazi mwiko sikuweza, na kufa sikutaka.

Ndugu zangu, nawaambia, tulikwenda kwa daktari sote wawili. Shangazi aliingia na chupa yake ya maji ya gome, amekunja uso.

"Mama, sidharau hii gome," daktari akasema. "Mimea mingi iko na vitu vinaitwa flavonoidi. Hata ngozi nyekundu ya maharagi iko navyo. Mu maabara, vingine vinapunguza nguvu ya chembe za kansa."

Shangazi akanipiga kiwiko. "Unasikia? Mimi njo munganga!"

Daktari akacheka. "Ngoja kwanza. Muhogo muchungu, unaukulaka siku ile unaung'oa?"

"Nataka kuua watoto? Lazima kuuloweka!"

"Njo vile. Chupa ya maabara haiko mwili. Tumbo linavunja vile vitu, vinafika kidogo tu kwenye uvimbe. Kiasi gani kitaponya, ao kitagombana na dawa zetu, watafiti bado wanatafuta."

Shangazi akaitazama chupa yake. Kisha akasema, "Kumbe bado munaloweka."

Akatoka nje, akaimwaga chupa, akanawa mikono, akaninawisha na mimi. Hivyo ndivyo mwiko ule unavyofunguliwa, na aliyeufunga tu ndiye anayeweza.

"Enda, mutoto wangu. Sindano ikuguse."

Nilipasuliwa, nikapitishiwa dawa, nywele zikaanguka. Shangazi alinifunga kitambaa huku akisema nimefanana na yai! Leo nalima tena.

Asanteni ninyi mliowalisha watoto wangu na kupalilia shamba langu. Dada, ukigusa uvimbe, usiufiche, wahi hospitali. Na kama unakunywa gome, mwambie daktari, asitibu kwa kubahatisha.

Shangazi ndiye yule pale nyuma, anajificha. Tulipoaga hospitali, alimwachia daktari kipande cha gome, amekifunga ndani ya jani.

"Siku mutamaliza kuloweka," akamwambia, "muniite nionje."