Bi Mita Aliyeinusuru Karakana kwa Kupunguza Umeme

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, saa kumi kamili jioni, Bi Mita atavua koti lake la kijivu la kazi baada ya kukitumikia chuo chetu cha ufundi kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Amekuwa msaidizi wa stoo, fundi wa vifaa, mwalimu, na kwa miaka kumi na mmoja ya mwisho msimamizi wa Karakana Namba Tatu. Jina la Bi Mita alipewa mwaka wake wa kwanza, kwa sababu ya kile kipimo cha umeme cha njano ambacho hakitoki mfukoni mwake hata akienda kunywa chai.

Alikuja akiwa na miaka ishirini na saba. Kazi yake ilikuwa kugawa misumari na kuandika bisibisi zilizopotea. Ndani ya miezi sita bisibisi zikaacha kupotea, na pasi tatu mbovu zilizokuwa zikila vumbi chini ya meza zikaanza kunyoosha nguo. Mkuu wa wakati huo akaona heri ampeleke karakana kabla hajaifungua na saa ya ukutani.

Wakuu wanne wamepita mikononi mwake, na hakuna aliyeachiwa kuingia Namba Tatu na tai shingoni. Tai hunaswa na mashine, kwa hiyo kuna msumari mlangoni wa kuitundika. Mkuu wetu wa sasa aliusahau siku yake ya kwanza, akasimamishwa kwa adabu zote, akatundika tai, ndipo akakaribishwa. Leo yeye mwenyewe huwakumbusha wageni.

Mambo mawili katika karakana yake huwezi kuyakuta kwingine. La kwanza ni ukuta wa walioungua. Kila kifaa kilichoungua hutundikwa pale, na aliyekiunguza huandika chini yake jina na kosa lake kwa mkono wake. Kifaa cha kwanza kutundikwa ni cha Bi Mita mwenyewe: alichomoa waya wa mota huku umeme unapita. Aliandika hivyo hivyo, bila kupamba.

La pili ni namna yake ya kupima joto. Huweka kiganja juu ya mota inayofanya kazi, akawataja ndugu zake tisa kwa utaratibu, kuanzia kaka mkubwa mpaka kitinda mimba. Ukifika kwa kitinda mimba na mkono bado upo, mota iko salama. Ukiishia kwa dada wa tatu, zima. Mumewe, shemeji yetu fundi cherehani, analalamika kwamba nyumbani hata cherehani yake haiponi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka. Miaka miwili iliyopita Bi Mita alikiomba chuo mashine ndogo ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, ile wenye kuipenda huiunda wenyewe nyumbani. Ilikuja vipande vipande ndani ya maboksi mawili. Tuliiunda pamoja, yeye na mimi fundi umeme wa chuo, na ilipochora duara la kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

Mwezi Machi mwaka huu mashine ikaanza kukosea. Iliruka hatua, yaani mota hazikusogea kila zilipoamriwa. Kibao cha mlango wa chumba namba nane kilitoka na tumbo upande, na kumi na nne ikasomeka kama kitu cha kuogofya. Bodi ya chuo ikaamua: vibao sitini vya milango ya bweni jipya viwe tayari Alhamisi ya mwisho wa muhula saa kumi, la sivyo mashine iondolewe na Namba Tatu iwe stoo ya magodoro. Kwa Bi Mita huo haukuwa uamuzi wa mashine. Ilikuwa ni kazi yake ya maisha kufunikwa magodoro miezi michache kabla hajaondoka.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Wengi tulisema mota zimechoka, ziongezewe nguvu. Na hapa mwandishi wa wasifu huu anaona aibu, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Kila mota ya mashine ile ina kadi ndogo ya kuiendesha, na juu ya kadi kuna skrubu isiyozidi kichwa cha kiberiti, inayoamua umeme kiasi gani upite. Mashine ilipoanza kuruka hatua moja moja, mimi nilizikaza skrubu zote tatu, kimya kimya, bila kupima. Nilidhani ninasaidia. Hali ikawa mbaya zaidi, nami nikazidi kunyamaza.

Jumanne ya juma lile la mwisho wa muhula Bi Mita aliweka kiganja kwenye mota ya mbele. Alifika kwa kaka wa pili tu. Akafungua kisanduku, akasafisha feni ya kupozea kadi, ambayo ilikuwa imezibwa na unga wa mbao hata haizunguki, kisha akatoa kipimo chake cha njano. Kwenye skrubu kilisoma volti sifuri nukta tisa tano. Kwa kadi za aina ile, ukizidisha mara mbili unapata ampea: moja nukta tisa. Kibandiko cha mota kinasema mwisho wake ni moja nukta saba. Mota zilikuwa zinaungua taratibu, na kadi, zikizidiwa na joto, zilikuwa zinajizima kwa kitambo na kuwaka tena. Katika kitambo hicho ndipo hatua zilipopotea.

Hakuuliza ni nani. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba skrubu hazijikazi zenyewe. Nikakiri palepale, mbele ya walimu wawili. Alinitazama, akanipa bisibisi ya mpini wa plastiki, akaniambia, “Haya, kaka, uliyepandisha ndiye utakayeshusha. Nusu mzunguko ni mbali mno. Gusa, pima, gusa tena.”

Nilishusha mpaka sifuri nukta sita, yaani ampea moja nukta mbili, kama asilimia sabini ya uwezo wa mota. Ilinichukua saa nzima kwa skrubu tatu, na kila nilipotaka kuharakisha aliushika mkono wangu. Kisha tukawasha. Baada ya nusu saa aliweka kiganja, akaanza na kaka mkubwa, akaenda, akaenda, akafika kwa kitinda mimba, akarudia orodha yote kutoka mwisho. Sijawahi kufurahi hivyo kwa sababu ya umeme kuwa mdogo.

Kibao cha namba nane kilitoka kikiwa na matumbo yake mawili mahali pake. Jumatano tulichonga vibao thelathini na vitatu. Alhamisi saa tisa na nusu wajumbe wa bodi waliingia, wakatundika tai zao msumarini mpaka zikawa hazina nafasi, wakasimama wakitazama. Mwenyekiti alipokunjua karatasi ili asome kwamba Karakana Namba Tatu itabaki karakana, na kwamba darasa la kuchonga kwa kompyuta litafunguliwa rasmi, Bi Mita aliinua mkono bila kugeuka. Alimwomba asubiri. Mashine ilikuwa kwenye kibao cha sitini.

Mwenyekiti akasubiri. Bodi nzima ikasubiri.

Bi Mita, dada yetu mkubwa na mwalimu wetu, asante. Jumatatu saa mbili asubuhi wanafunzi kumi na sita wataingia chumba ulichokipigania, na mimi ndiye nitakayewafundisha. Somo la kwanza nitalianza kwa kosa langu. Nenda kaufurahie ustaafu wako, afya iwe nawe, na maisha yaliyo mbele yawe mema kwako na kwa nyumba yako yote.