Mwalimu Asteria na Hadubini za Alhamisi

Tarehe 31 Julai 2025, Mwalimu Asteria Mgaya anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Biolojia: kumi na mmoja Njombe mjini, mingine yote hapa kwetu Makambako. Hakuwa mtu mwepesi kufanya naye kazi. Naandika hivyo nikiwa mtunza stoo niliyemshtaki mara mbili kwa mkuu wa shule, na mara zote mbili nikashindwa.

Alipofika, hadubini zetu nane zilikuwa kabatini, zimeviringishwa kwa vitenge, zikisubiri wageni na wakaguzi. Wanafunzi walinakili seli kutoka ubaoni. Yeye alisema kukariri kiini cha seli bila kukiona ni kama kushiba kwa kusimuliwa ugali, akazitoa zote. Tangu hapo, kila Alhamisi kidato cha kwanza walikuja na vitunguu vya nyumbani, wakabandua ngozi nyembamba ya ndani na kuidondoshea tone la ayodini.

Siku ya kwanza vilivunjika vioo vitatu vya kuwekea ngozi hiyo. Wanafunzi walianza na lenzi kubwa, wakaishusha huku wanachungulia. Niliandika ripoti kali. Majibu yake yalikuwa marefu kuliko ripoti: waanze na lenzi ndogo, waishushe wakitazama kwa pembeni, kisha wachungulie wakiipandisha polepole. Miaka mingine hakikuvunjika hata kioo kimoja.

Vitus, ambaye leo ni mtaalamu wa maabara hospitalini, aliwahi kuchora kiputo cha hewa akakiita seli, na kiini akakiwekea. Mwalimu alimpa alama moja ya ujasiri, akamrudisha kwenye hadubini. Majira ya ukungu, mwanga ukikosekana darasani, alihamishia meza uani na ratiba ikamsubiri.

Mwezi uliopita lilitolewa pendekezo kwamba hadubini zifungiwe hadi apatikane mwalimu mwingine. Lilimuumiza sana. Nilimkuta akifuta lenzi ambazo tayari zilikuwa safi.

Basi mimi, Edson Mlelwa, nasema mbele ya uongozi: hazifungwi. Nimekataa kwa maandishi, na Mwalimu Idda wa Kemia ametia saini. Wiki iliyopita tuliendesha somo wenyewe, na watoto wote arobaini na wawili waliona ukuta wa seli kwa macho yao. Anayetaka kuwanyang'anya aje awaambie mwenyewe.

Ahsante, Mwalimu. Nenda Lupembe ukachume chai yako kwa afya na amani. Huku, Alhamisi tunafundisha.