Maharage ya Meza ya Dirishani

Kijiwe chetu wiki ile kilikuwa benchi la mbao kwenye sitaha ya juu ya meli, kati ya bwawa la kuogelea na birika kubwa la maji ya chai. Sisi ni watu wa Yauco, mji wa milimani unaolima kahawa, na mtu wa Yauco hanywi kile wanachokiita kahawa melini. Tulipanda na kahawa yetu ya nyumbani, na dada yangu Carmín alibeba kichujio chake cha kitambaa ndani ya mkoba, kimeiva weusi kwa miaka ya kazi. Kila alasiri alichuja jagi zima, tukamwaga kete za domino mezani, na mabishano yakaanza kabla kikombe hakijapoa. Carmín tunamwita Bibi Redio, kwa sababu habari ikifika kwake haipati usingizi. Mumewe, shemeji yangu Eleuterio, ni Injinia; ametengeneza friji za nusu ya mji na hajioni mdogo. Wa tatu ni Kapteni, aliyekata tiketi za kivuko cha kisiwa cha Vieques maisha yake yote na hajawahi kushika usukani hata wa baiskeli. Wa nne ni mimi, Neco, dereva wa basi la shule mstaafu, ambaye kazi yake kijiweni ni kuchochea kuni.

Siku ya mwisho, bandari ya San Juan ikitusubiri kesho yake asubuhi, Injinia alikuja benchini amevaa guayabera, shati letu la sherehe, nyeupe iliyopigwa pasi, suruali ndefu na viatu vya kufunga kamba. Jua bado lilikuwa kali. Sisi wengine tulikuwa na kaptula na ndala kama binadamu.

— Nani amefariki? Kapteni akauliza.

— Leo nashuka kula ukumbini, Injinia akasema. Na ninyi mnashuka na mimi.

— Shemeji, kaa kwanza unywe kahawa, nikamwambia. Jua limekupiga.

— Sikai. Nikikaa mtanigawia kete, na nikigawiwa kete siendi.

Hapo alisema kweli, maana ndivyo tulivyopotea tangu mwanzo. Usiku wa kwanza tulishuka ukumbi wa chini, tukapewa meza ya watu sita dirishani, meza yetu ya safari nzima. Tulikuwa sisi wanne, mzee mmoja mpole aliyesema "asante" tu, na kiti kimoja kitupu. Mhudumu wetu alikuwa kijana wa Bali anayeitwa Wayan, mwenye tabasamu la kumfanya mtu aagize supu mara mbili. Akamuuliza Injinia anapenda kula nini. Injinia, kwa mdomo wake, akajibu kwamba yeye bila maharage hajala. Wayan akaweka mkono kifuani, akasema kesho yatakuwepo. Injinia naye akaweka mkono kifuani, akasema kesho tutakuwepo. Kesho yake domino ikanoga, tukala piza pembeni ya bwawa, miguu wazi. Siku iliyofuata tukaona aibu kwenda kwa sababu jana hatukwenda. Tangu hapo aibu imekuwa ikizaa aibu, na sisi tukiishi kwa piza.

— Asubuhi binti anayetandika vitanda ameniambia neno, Injinia akaendelea. Ameniambia, Wayan anauliza yule bwana wa maharage kama ni mzima.

— Na wewe ukamwambia nini? Bibi Redio akauliza.

— Nikajifanya sisikii. Nikaingia bafuni.

— Mwanamume mzima, amejificha bafuni kwa ajili ya maharage.

— Wewe juzi ulipomwona Wayan kwenye korido ulipita wapi, mke wangu?

Bibi Redio akaanza kumimina kahawa kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa amepita kwenye chumba cha michezo ya watoto, akakaa kati ya mipira mpaka hatari ilipoondoka. Walezi wa watoto walidhani ni bibi wa mtu.

— Mimi sijifichi kwa ajili yangu, akasema. Namwonea huruma kijana wa watu. Mnajua kinachompata? Mkubwa wa ukumbi anapita, anaona meza tupu. Anajiuliza, huyu amewatukana wageni nini? Leo wanamnyang'anya meza ya dirishani, kesho wanampeleka karibu na mlango wa jikoni, keshokutwa anamenya viazi chini kabisa, kule kusikokuwa hata na dirisha.

— Hiyo ni adhabu ndogo, Kapteni akasema, na akaweka kikombe chini taratibu. Tukajua inakuja kamba ndefu. — Mimi nimefanya kazi na meli.

— Umefanya kazi na tiketi, nikamkumbusha.

— Tiketi za meli, Neco. Sikiliza basi. Meli haihesabu watu kwa majina, inahesabu kwa sahani. Sahani nne zikirudi safi, maana yake watu wanne hawapo. Watu wanne wasipokuwepo melini, wako wapi?

Wote tuliyatazama maji.

— Juzi hamkuona meli imepunguza mwendo? akauliza.

— Ilikuwa inaingia Dominica, nikasema.

— Ilikuwa inawatafuta ninyi. Dominica walisingizia. Kesho tukishuka San Juan mtakuta padre wa Yauco ameshawasomea misa, na majirani wameshagawana kuku.

— Kuku wangu hawagawanwi, Bibi Redio akasema, lakini niliona ameanza kuhesabu kichwani ni jirani gani angemchukua yupi.

Mimi nikaona moto unataka kupoa, nikaongeza kuni.

— Ninyi mnaangalia mhudumu tu, nikasema. Mmejiuliza maharage yenyewe yametoka wapi? Meli hii inapika viazi. Kwa hiyo Wayan alimwendea mpishi, mpishi akaenda kwa mtu wa stoo, mtu wa stoo akashuka bandarini St. Kitts jua la mchana kutafuta gunia. Watu wote hao wameshakasirika. Na Wayan lazima amempigia simu mama yake Bali kumwambia amepata mgeni anayependa chakula cha heshima. Sasa mama anauliza kila siku, mwanangu, yule bwana amekula? Kijiji kizima kinasubiri jibu.

Nilikuwa natania, lakini Injinia hakucheka. Alikaa pembeni ya benchi, mikono magotini, pasi ya suruali ikaharibika bila yeye kujali.

— Cheka tu, Neco, akasema. Mimi nimeingia jikoni za watu tangu ujana. Najua mtu akikupikia kitu ambacho hakupikii kila mtu, amekupa nini. Nimemwambia nitakuja. Kila nikila ile piza nasikia vibaya, hainishuki. Leo ni usiku wa mwisho. Nisipokwenda leo, nitakuwa nimekwenda nyumbani na deni lisilolipika.

Injinia si mtu wa maneno hayo.

— Sawa, Bibi Redio akasema. Tunashuka. Lakini tunamwambia nini? Tuseme bahari ilituchafua tumbo.

— Ametuona tunakula piza, Kapteni akasema. Wahudumu wanaona kila kitu. Tuseme tulikuwa kwenye novena, sala zetu za siku tisa.

— Novena ya nani, kwenye bwawa la kuogelea?

— Nitamwambia ukweli, Injinia akasema. Kwamba tulikuwa tunacheza domino.

— Ukweli ndio tusi lenyewe, mzee, Kapteni akasema. Afadhali novena.

Walikuwa bado wanaitafutia novena mtakatifu ndipo akatokea mama mmoja na kikombe kitupu mkononi, anafuata harufu. Alikuwa wa rika letu, gauni la buluu, nywele zimetoka saluni hivi punde.

— Samahanini, akasema. Hiyo kahawa mmeipata wapi? Yangu nimeyamwagia maua, na sasa nayahurumia.

— Yauco, dada. Kaa, Bibi Redio akasema, na akamsogezea jagi. Mtu akisifu kahawa ya Bibi Redio ameshakuwa ndugu.

Alijitambulisha kuwa ni Eduvigis, wa Arecibo, amekuja peke yake kwa sababu watoto wake walimkatia tiketi kwa nguvu. Akanywa funda la kwanza akafumba macho. Kisha Bibi Redio akaanza kazi yake.

— Na hizo nywele, dada, si za kwenda kulala.

— Ni usiku wa mwisho, Eduvigis akasema, na akaona haya kama msichana. Nakula ukumbi wa chini. Meza ya dirishani, kwa Wayan.

Kete zote zikasimama. Kapteni alikuwa na moja mkononi, akabaki nayo hewani.

— Kwa Wayan, Injinia akarudia. Ni mzima?

— Mzima kabisa. Kwa nini asiwe mzima?

— Hawajamhamisha? Hana huzuni?

— Wayan? Anaimba akileta mkate.

Injinia akatutazama mmoja mmoja, hajui afurahi au alalamike. Eduvigis hakuona, alikuwa ameshaanza kusimulia, na ilionekana alikuwa akitafuta mtu wa kumsimulia tangu juzi.

— Usiku wa kwanza mimi nililala na ndoo, bahari ilinikataa. Wa pili nikajikokota, nikakuta meza ya watu sita ina mzee mmoja tu, Ovidio, wa Lares. Tukakaa, huyu kule na mimi huku, kama watu wanaosubiri basi. Wayan akaleta bakuli la maharage, akasema ni la bwana mmoja atafika sasa hivi. Tukasubiri. Bwana hakufika. Ovidio akayatazama, akasema yakipoa itakuwa dhambi. Akaja upande wangu na bakuli. Tukaonja, na wote wawili kwa pamoja tukasema, yamekosa majani ya kunukia. Tukacheka. Basi, tangu pale hatujanyamaza.

— Na maharage yakaendelea kuja? Injinia akauliza taratibu.

— Kila usiku. Siku hizi na majani yake, Ovidio alimwelekeza Wayan. Sasa hivi ni matamu mno.

— Matamu mno, Injinia akasema.

— Ilipofika siku ya tatu, Wayan mwenyewe akatoa vile viti vinne. Alisema vinaziba dirisha. Lakini naona kila tukikaa yeye anauchungulia mlango, mtu akiingia anashtuka, akiona si wale wanne anashusha pumzi.

Kapteni alipaliwa na kahawa. Nikampiga mgongo zaidi ya ilivyohitajika.

— Kwa hiyo hatusubiriwi, Injinia akasema. Yaani, hawasubiriwi. Hao watu.

— Niwaambie ukweli, Eduvigis akasema, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Tangu mume wangu afariki nimekula mbele ya televisheni. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kukaa mbele yako akakuuliza, chumvi imetosha? Hao watu wanne siwajui ni kina nani. Pengine ni wagonjwa, pengine hawana adabu. Lakini kila usiku nawaombea heri. Wangekuwepo, Ovidio asingefungua mdomo. Ni mtu wa aibu; akiona watu watatu anaongea na sahani. Na jana wakati wa kuagana alisema leo ana neno la kuniambia.

— Neno gani? Bibi Redio akauliza, amesogea hadi ukingo wa benchi.

— Hakusema. Alisema litakuwa la mezani.

Akacheka, akamaliza kahawa. Alipoinua macho ndipo alipoiona vizuri guayabera ya Injinia, suruali, viatu vilivyong'arishwa. Akatutazama sisi wengine watatu, pamoja naye wanne, na nikaona kama anahesabu.

— Na wewe, kaka, umependeza hivyo, akasema polepole. Leo mnakula wapi?

Swali dogo tu. Mimi, mdomo wangu wote huu, nikaanza kuzipanga kete upya. Kapteni aliitazama bahari aliyodai kuifahamu. Bibi Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na nimemjua tangu tukilala kitanda kimoja utotoni, hakuwa na habari yoyote. Tulimtazama Injinia. Ile pasi, zile siku zote za kujificha, lile neno aliloweka mkono kifuani kulisema, vyote vilikuwa usoni mwake. Kisha akafungua kifungo cha shingo, akainama, akalegeza kamba za viatu.

— Hapahapa, dada, akasema. Sisi ni watu wa piza. Hii nguo nimevaa kwa ajili ya domino, leo ni fainali.

— Fainali, Kapteni akadakia. Kali sana.

Eduvigis aliinama akambusu Injinia shavuni, hapo mbele ya mke wake, na Bibi Redio hakunung'unika hata kidogo. Kisha akaondoka, gauni lake la buluu likipigwa na upepo, anatembea haraka kuliko alivyokuja.

— Ametujua, nikasema.

— Changanya kete, Injinia akasema.

Tulicheza. Jua lilishuka, mtu wa piza akatuletea piza bila kuulizwa kwa sababu na yeye alikuwa ameshatuzoea, na kahawa ilikuwa imebaki tope tupu chini ya jagi. Injinia alikula vipande vitatu, akaramba vidole. Nilimwangalia, ilimshuka vizuri. Kengele ya zamu ya kwanza ya chakula ikalia kutoka ghorofa za chini, na kwa dakika nzima hakuna aliyeweka kete.

— Sasa hivi anamvutia kiti, Injinia akasema.

— Wayan? Kapteni akauliza.

— Ovidio, mjinga wewe. Cheza.