Mama Nyuzi: Kila Shuka na Uzi Wake

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, wa kwanza kati ya watoto saba. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu. Hakujua kusoma, lakini hadithi za Biblia alizozisikia kanisani alizimeza nzima nzima, na kila alipoinama kwenye beseni alimsimulia binti yake. Aliyoipenda kuliko zote ni ya Rahabu wa Yeriko, aliyewaficha wapelelezi kisha akafunga uzi dirishani, ili siku mji utakapoanguka nyumba yake isikosewe.

Shule aliianza Januari 1959, akaiacha Agosti mwaka huohuo, mama yake alipougua na wadogo wakakosa wa kuwaangalia. Hakurudi tena. Familia imekubaliana kulisema jambo hili waziwazi, kwa sababu marehemu alilificha kwa miaka thelathini na nne, na siku alipoacha kulificha ndipo tulipomjua hasa.

Tarehe 3 Februari 1972 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Hapo kulikuwa na mapipa ya sabuni, mashine mbili zinazotikisa sakafu, na mashuka ya wodi zote yakichanganyika kama wageni wa harusi. Asiyejua kusoma angeyatenganishaje? Akamkumbuka Rahabu. Akanunua nyuzi, akashona alama kwenye pembe ya kila shuka: bluu wodi ya watoto, kijani wodi ya wazazi, nyekundu chumba cha upasuaji, nyeusi wodi ya wanaume. Hakuna shuka lililopotea. Wakubwa wapya walipokuja walidhani ni utaratibu wa serikali, wakausifu. Ndipo akaitwa Mama Nyuzi, na jina likamganda.

Mashuka ya kufunikia waliofariki aliyashonea uzi wa njano. Mwenzake mmoja alimcheka: "Wewe, shuka hilo halirudi. Alama ya nini?"

"Halirudi huku," akamjibu, bila kuinua macho. "Lakini huyu mtu anakwenda mahali. Huko wasikosee nyumba yake."

Wakati huo fundi rangi aliyeandika mabango ya maduka alikuwa amemwona. Alimwandikia barua nne, kwa mwandiko wa madoido. Majibu yote yaliletwa kwa mdomo: "Barua yako imefika. Kama una la kusema, njoo ulisemee hapa." Fundi akadhani amekutana na mwanamke wa maringo, akazidi kupenda. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1975, na ukweli akaujua mbele ya cheti cha ndoa, bibi harusi alipoomba wino wa kidole gumba. Akataka kumfundisha kuanzia wiki ile. Akaambiwa, "Baki na rangi zako, mimi nina nyuzi zangu." Mungu akawajalia watoto watatu.

Jumatatu tarehe 3 Mei 1993, msimamizi mpya aliagiza nyuzi zifumuliwe. Kuanzia siku hiyo mashuka yangefungwa mafurushi, na kila furushi lingeandikwa lebo. Mama Nyuzi akabahatisha. Mchana ule wanaume wazima walilazwa chini ya mashuka ya watoto, miguu yote nje, na kicheko kikasikika mpaka jikoni. Msimamizi alimwita mbele ya wenzake, akamuuliza ana nini.

Angeweza kusingizia macho, na alituambia kwamba uongo huo ulikuwa tayari mdomoni. Akasema, "Sijui kusoma, bwana. Sikuwahi kujua."

Msimamizi akataka kumhamishia kufagia nje. Yeye hakulia, wala hakubembeleza. "Nipe mpaka mwezi wa nane," akasema. "Nikishindwa, ufagio nitaushika mwenyewe."

Alipofika nyumbani aliiweka pochi mezani, akamwambia mumewe, "Haya, lete hizo rangi." Fundi alimwandikia herufi nyuma ya mbao za mabango ya zamani, kubwa kama unyayo. Kila jioni, sufuria ikiwa jikoni, alisoma kwa sauti huku akizifuata kwa kidole, na vidole vikawa na rangi. Alipochoka alituambia habari za Yakobo, aliyeshindana hadi alfajiri, akateguka nyonga, na bado akakataa kuachia mpaka abarikiwe. "Mimi hata nyonga sijateguka," alisema, na kugeuza ubao mwingine.

Tarehe 2 Agosti msimamizi alimpangia mafurushi kumi na mawili. Akayasoma yote. Kisha akageukia tangazo la mlangoni, alilolipita miaka ishirini na moja, akasoma: "ZIMA PASI KABLA YA KUONDOKA." Akashika mdomo. "Kumbe ndicho mlichokuwa mkinigombezea!"

Jumapili iliyofuata alisoma mwenyewe hadithi ya Rahabu. Mama yake alikuwa amemsimulia nyuzi za rangi nyingi, rangi kwa kila mtu wa nyumba. Akakuta mmoja tu, mwekundu. Akacheka mpaka machozi: "Mmoja uliwatosha wote, na mimi nimemaliza bobini ngapi za uzi?" Alistaafu mwaka 2006, akiwa kiongozi wa chumba kile.

Kisukari kilimpata mwaka 2009, na kuanzia 2017 kikaanza kumnyang'anya macho. Hakukubali kuiachia Biblia. Fundi, naye sasa mzee, akarudi kwenye mbao zake, na kadiri macho yalivyofifia herufi zikakua, mpaka ubao mmoja ukabeba neno moja tu. Tuliumia kumwona. Yeye alisema amefundishwa kusoma mara mbili na mtu yuleyule, wangapi wamepata bahati hiyo?

Alilazwa tarehe 1 Septemba 2025, katika hospitali aliyoitumikia. Akapapasa pembe ya shuka. "Hili halina uzi," akasema. "Mama, siku hizi ni lebo," akajibu binti yake wa kwanza, anayewasomea wasifu huu. "Lebo siioni, mwanangu. Langu mliwekee uzi. Rangi unaijua." Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na minne.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanane na wadogo zake wanne.

Jana jioni binti yake huyo aliketi na sindano. Pembe ya kulia ya shuka la mama, mahali palepale alipozoea kushona yeye, uzi upo, nao ni wa njano. Apumzike kwa amani Mama Nyuzi. Huko anakokwenda, nyumba yake haitakosewa.