Mama Sophie, Kuku wa Kipese na Miaka Ishirini na Minne

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Mama Sophie Vagheni anafunga mlango wa biro yake baada ya miaka ishirini na minne ya kazi. Alianzia Beni, katika ofisi ya mambo ya jamii, na mwaka 2012 akaja kwetu Butembo, kwenye tribinali, yaani mahakama, ya watoto. Wazazi wanapotengana na kuvutana juu ya mtoto, mwamuzi humteua yeye kwa barua awe mlezi wa mtoto huyo katika kesi: afike nyumba zote mbili, amsikilize mtoto, kisha aseme kwa niaba yake.

Kwa kazi hiyo amebebwa kwa pikipiki hadi Luofu kule mbali, macho ameyafumba kwa hofu, akiimba nyimbo za kanisa lake la Kiprotestanti kwa sauti kubwa. Madereva wetu wa pikipiki, hata Wakatoliki, wamezikariri zote.

Halafu kuna habari ya kuku. Mwaka 2017, Ornella wa Vulamba, hapa mjini, na Stanislas, mkulima wa kijiji cha Kipese, walimgombania binti yao Hadassa, mwenye miaka saba. Mtoto alikuwa ameacha kusema. Wiki tatu Mama Sophie alimtembelea, akachambua maharage pamoja naye, asipate hata neno moja. Na bila neno la mtoto, mwamuzi angebaki na makelele ya wakubwa tu.

Siku moja kabla ya kesi, alipanda Kipese kuiona nyumba ya baba. Aliporudi Butembo, mfuko wake ukaanza kulia. Stanislas alikuwa ameficha kuku ndani, ili ripoti yake kwa mwamuzi iwe tamu! Kesho yake Mama Sophie aliingia na kuku huyo tribinali, akamweka juu ya meza ya grefie, karani wa mahakama, yaani mimi, akasema: « Bwana mwamuzi, hii kuku hapana yangu. Mwenyewe airudishe ku nyumba. » Kuku naye akajikunyata juu ya dosie, faili la kesi, akataga.

Hadassa, aliyesimama kando ya mama yake, alicheka mpaka akaketi chini. « Mama, angalia! Kuku imezaa ku makaratasi! »

Mama Sophie hakupoteza nafasi. Akaketi sakafuni kando yake, akamuuliza polepole anataka nini.

« Nataka kusoma kwa mama, na vakansi niende kwa papa. Lakini banyamaze. Bakipiga makelele, tumbo inaniuma. »

Wakanyamaza kweli. Ornella akalia, Stanislas akampa kitambaa chake. Hukumu ilifuata maneno ya mtoto, shule kwa mama na likizo kwa baba, karibu neno kwa neno, na hakuna aliyeipinga.

Tangu siku ile waamuzi wetu huvua majoho wanapomsikiliza mtoto, asiogope. Mama Sophie ndiye aliyewaomba, na msumari wa kuyatundikia aliupigilia mwenyewe, akajigonga kidole.

Wiki iliyopita tulitaka kumfanyia karamu. Akakataa: alikuwa na watoto tisa ambao kesi zao hazijaisha. Siku tatu alizunguka mji na Christa, atakayeshika nafasi yake, akimtambulisha kwa kila mmoja. « Mutoto asisikie ku midomo ya batu kama nimekwenda, » alituambia. Mtoto wa tisa alipokubali kumshika Christa mkono, ndipo Mama Sophie akaja kukata keki.

Mama, aksanti sana. Mungu akupe siku ndefu na magoti yasiyolalamika. Kuanzia Jumatatu watakaokuita ni wajukuu wako, na hao huita bila barua ya mwamuzi.

Delphin Mathe, grefie