Benchi la Fundi Punguza

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi dada yake mkubwa, na naomba mnivumilie, kwa kuwa kazi ya kusimama na kuongea mbele za watu siku zote ilikuwa yake, na angenicheka sana kuniona nikisoma kwenye karatasi.

Marehemu ndugu yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Punguza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi baba yetu, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza mwaka 1972, na sehemu kubwa ya masomo yake aliyapata akiwa nje ya dirisha la darasa, alikotolewa kwa kuwachekesha wenzake, na mama yetu aliitwa shuleni mara nyingi hadi mwalimu mkuu akamzoea kama mfanyakazi mwenzake.

Mwaka 1973 alipelekwa kwa mjomba wetu, fundi cherehani, kujifunza kazi, na mwaka 1977 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare, hadi kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Juni 1991. Tarehe 3 Februari 1992 alifungua duka lake mwenyewe, lenye vyerehani viwili, meza ya kukatia, na benchi refu lililokusudiwa wateja, lakini likakaliwa zaidi na watu wasio na nguo yoyote ya kushona, waliokuja kumsikiliza tu. Jina la Punguza alilipatia hapo, kwa sababu alipompima mtu kiuno alitaja namba ndogo kwa sauti, benchi zima lisikie, kisha akakata kitambaa kwa namba ya kweli aliyoiweka kichwani, mteja akaondoka kifua mbele, na suruali ikamkaa.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984 na wifi yangu, huyu aliyeketi hapa mbele, aliyefahamiana naye alipomshonea gauni, akalikosea makusudi mara tatu ili arudi, na wifi akajua tangu mara ya kwanza na bado akarudi. Walijaliwa watoto watatu, na baadaye wajukuu watano. Wapo watu wanaomaliza vicheko vyao nje na kuingia nyumbani wamenuna, lakini yeye hakuwa hivyo, na wanawe walianza kucheka waliposikia tu anavua viatu mlangoni.

Mwezi Agosti 2022 sauti yake ilianza kukwaruza, tukadhani ni mafua, kumbe ni saratani ya koo, na tarehe 9 Novemba mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji ambao tuliambiwa mapema kuwa utaiondoa sauti yake moja kwa moja. Asubuhi ile alimwomba daktari, fundi kwa fundi, akate taratibu, maana kitambaa ni hichohicho na dukani hakuna kingine. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoyasikia kutoka kinywani mwake.

Alirudi dukani Januari 2023, akipumua kupitia tundu la shingoni, alilolifunika kwa vitambaa alivyovishona mwenyewe, kila kimoja kikifanana na shati la siku hiyo. Akili ilikuwa timamu na masikio mazima, lakini watu walimwonyesha ishara za mikono kana kwamba amekuwa kiziwi, wengine wakampigia kelele sikioni, wengine wakamuuliza wifi yangu, mwenyewe akiwa palepale, kama anakula, kama analala. Mwanzoni aliligeuza kuwa mchezo, akaziba masikio na kujifanya anaanguka, mabega yakitikisika kwa kicheko kisichosikika, lakini mchezo unataka watazamaji, na watazamaji walikwishaanza kupita upande wa pili wa barabara. Kila asubuhi alilifuta lile benchi vumbi, akalinyoosha, akakaa nyuma ya cherehani akitazama mlango. Niliyaona hayo kwa macho yangu, na yaliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa ulirudi Machi 2024, akalazwa mara mbili, na akafariki dunia Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024, saa moja asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia, na hasa muuguzi aliyempa umbea wa wodi nzima kila alipombadilishia bandeji. Tunawashukuru mafundi wenzake waliomalizia nguo za wateja wake. Kuliko wote tunamshukuru jirani yetu fundi redio, ambaye hadithi zake hazina kichwa wala miguu, na marehemu alimtania kwa hilo miaka yote, lakini ndiye aliyekuja kila alasiri hadi mwisho, akaketi, akamsimulia, bila kungoja ajibiwe.

Tunawashukuru pia ninyi nyote mliofika leo, naona viti havikutosha na wengine mmesimama hadi barabarani. Sisemi kwa kulaumu, au labda nalaumu, mtanisamehe, lakini alikuwa akiwasikia vizuri kabisa mlipokuwa mkipita.

Pumzika, mdogo wangu, wamekuja wote, huna tena wa kumngoja.